Injini Iliyorithi Jina

Vijana wangu wa stoo,

Siku mliyoniaga mlinipa doti mbili za kanga, saa ya ukutani na daftari hili kubwa, mkanitaka niandike habari za vichwa vya treni vya mvuke. Sababu yenu naijua. Kila mwaka wanafunzi hufika na simu zao kupiga picha kile chuma chenye kutu nyuma ya karakana, huuliza ni kichwa cha aina gani, nanyi mnawajibu "cha Mjerumani" kisha mnarudi kwenye kompyuta. Jibu hilo si la uongo. Ni kama kuulizwa yule mgeni ni nani, ukajibu ni mtu.

Basi naandika. Vyeo vyangu havitawafaa kitu, na mshahara mnaujua kwa kuwa ndio huo mnaoulalamikia. Nitakaa zaidi kwenye mwaka wangu wa kwanza. Mingi iliyofuata mlikuwepo, na mingine haikuwa na jambo ila kuhesabu nati.

Niliajiriwa miaka ile ya shida, sabuni ikipangiwa foleni na dizeli ikisikika kwenye redio tu. Majani ya mkonge hayana miguu; lazima yabebwe kutoka shambani hadi korona, ule mtambo wa kuyasaga na kutoa nyuzi. Matrekta na vichwa vya dizeli vilikuwa vimelala kwa kukosa mafuta. Ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba kuna vichwa viwili vya mvuke, vya mwanzoni mwa karne, visivyojua dizeli ni nini. Vilitaka kuni na maji, navyo vyote viwili tulikuwa navyo. Vikaamshwa. Vipuri vyake vilikuwa vimerundikwa bandani na kuku wanatagia humo, ikabidi atafutwe mtu wa kuvipanga. Nikapatikana mimi, Somoe, Mmwera wa Rutamba, mwenye cheti cha utunzaji wa stoo na viatu vya visigino.

Karakana haikuwahi kuajiri mwanamke. Aliyenitetea ni Mzee Ngonyani, fundi wa boila na dereva, aliyekuja Lindi kutoka Songea akiwa kijana wa kukata mkonge kwa mkataba, na tangu hapo akawa anarudi kwao kwa likizo tu. Alimwambia meneja kwamba wanaume waliowahi kushika stoo wote wameshindwa, kwa hiyo hakuna hasara kumjaribu asiye mwanaume. Huko ndiko kunitetea kwake. Yule Mngoni alikuwa mtani wangu, na mtani hakusifu hata akikupenda. Kama hamkufundishwa nyumbani, Wangoni walitupiga vita zamani, vita vikaisha, ikabaki ruhusa ya kutukanana bila kununa, pamoja na wajibu wa kuzikana. Akiniambia kwamba babu zake waliwakimbiza babu zangu mpaka Rutamba, namwambia ndiyo, kisha mkachoka mkaja kutukatia mkonge.

Siku ya kwanza alikuja dirishani akataka bushi ya ekseli, ile pete ya chuma ambamo ekseli huzunguka. Nikampa ya shaba, iliyong'aa kuliko zote. Aliigeuza mkononi, akatazama viatu vyangu, akaniuliza kama ni ya Bibi au ya Afande. Nikajibu ni ya ekseli, kwa kuwa sikujua kwamba hayo ni majina ya vichwa vyetu viwili. Akanitoa nje, akanipa gunia la kulalia, akaniambia niingie chini ya vichwa vyote viwili nikahesabu. Niliingia na visigino vyangu na gauni la kazi lililopigwa pasi. Nilitoka nikiwa mtu mwingine, na gauni halikutakata tena.

Nilichohesabu kule chini ndicho mnachotakiwa kuwaambia wanafunzi. Bibi alikuwa na ekseli mbili, magurudumu manne. Aina yake ilitengenezwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya mashamba na machimbo. Mwenye shamba alichagua kwenye kitabu cha picha, akataja nguvu anayoitaka na upana wa reli zake, akaletewa kwa meli. Tangi la maji la Bibi hulioni ukisimama, liko tumboni katikati ya chasisi, kwa hiyo uzito umekaa chini na kichwa hakiyumbi kwenye reli nyembamba za sentimita sitini. Boila lake lilipimiwa presha kumi na mbili, si zaidi. Kabla ya vichwa vya aina hiyo kufika huku kwetu, toroli zilisukumwa na watu, na babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Hakuwapenda Wajerumani, lakini kichwa cha kwanza alichokiona alikiombea dua.

Afande alikuwa wa ukoo mwingine. Ekseli nne, magurudumu manane, matangi mawili ubavuni. Aina yake ilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Wajerumani. Reli za vitani hutandikwa haraka juu ya tope na hazistahimili kichwa kizito kilichosimama kwa miguu minne, hivyo uzito ukagawanywa kwa minane. Sasa kichwa kirefu namna hiyo hakipindi kona. Mafundi wakafanya ekseli ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa ziweze kusogea kidogo kushoto na kulia, kikapinda. Presha yake ilikuwa kumi na tano. Vita vilipokwisha vichwa vikabaki vingi kuliko kazi, wafanyabiashara wakavitawanya duniani, kwenye miwa, kwenye mbao, kwenye mkonge. Afande alifika Lindi akiwa vipande ndani ya masanduku, na kwa maneno ya Mzee Ngonyani, walioviunga walibakiwa na nati kumi na moja wasizojua za wapi.

Nikapanga rafu kwa koo, rangi nyekundu Afande na buluu Bibi. Kila kichwa kilikuwa na kadi yake, na kila kilichotoka stoo kiliandikwa humo. Neno moja nililopewa na Mzee Ngonyani nawarithisha: kipuri kisichoingia hakina madhara, kibaya ni kile kinachokaribia kuingia. Jumamosi tulisafisha maboila. Maji yetu yana chokaa, nayo huacha ukoko ndani ya boila, mgumu kuliko wa wali na mbaya zaidi kwa kuwa hauliki. Chini ya ukoko chuma huungua bila wewe kukiona. Nilipenda Jumamosi. Watu waliimba huku wakigonga, na mimi nikaletewa uji dirishani kama bwana shamba.

Mwezi wa nne Afande akapasuka bamba la tanuri. Mtu wa kulichomelea hakuwepo Lindi wala Mtwara. Akasukumwa pembeni, na karakana ikapoa kama nyumba yenye msiba. Dereva wake alikuwa Mmwera mwenzangu, hivyo ikaamuliwa kwamba Afande ni Mmwera, na watani wake Wangoni ndio wenye haki ya kusimamia mazishi. Mzee Ngonyani akatangaza arobaini.

Mnajua desturi yetu ya kusini. Marehemu mwenye heshima jina lake haliachwi lipotee. Baada ya arobaini ndugu mmoja hulirithi, na tangu siku hiyo huitwa kwa jina hilo na kuamkiwa kwa heshima ya marehemu. Wale vichwa walikuwa Wajerumani wote wawili, kwa hiyo ndugu, na mrithi akawa Bibi. Tulipika pilau. Bomba lake la moshi likafungwa kitambaa cheupe, akanyunyiziwa unga. Kibao chake mwenyewe cha kiwandani kilikuwa kimeibwa miaka mingi nyuma, nadhani kiliishia kuwa pete za mtu, na Mzee Ngonyani akasema haifai mrithi akae bila kitambulisho. Akaniomba nikifungue kibao cha shaba cha Afande. Nilikifungua kwa mkono wangu, nikakifunga ubavuni mwa Bibi, watu wakapiga vigelegele. Kibao kile kilikuwa na namba ya kiwandani na presha ya boila. Siku ile sote tuliona shaba tu.

Ikawekwa adhabu: atakayemwita kwa jina la zamani abebe mzigo wa kuni hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Nami kwa kunogewa nikaenda stoo, nikakata neno "Bibi" kwenye kadi yake kwa mstari mmoja, nikaandika "Afande". Kadi ya marehemu nikaifunga. Kuni ni nzito, wanangu. Haikupita miezi miwili hakuna aliyekumbuka kulitamka jina la Bibi.

Mwisho wa mwaka nikiwa bado katika majaribio, alikuja injinia mpya kutoka Dar es Salaam, Bwana Kileo. Alikuwa kijana, mtu wa dizeli, na hakutukana mtu ila kwa maandishi. Mzee Ngonyani alikuwa amekwenda Songea kumwoza bintiye, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Injini akaachiwa Hashimu, kijana wa kijiji cha Sudi huko pwani, aliyeajiriwa baada ya arobaini. Baba yake na babu yake walikuwa wavuvi, yeye akakimbilia kwenye moto kwa kuwa bahari humtapisha. Hakuwahi kumjua Bibi. Alimjua Afande mwenye magurudumu manne.

Afande huyo akawa anashindwa kilima cha korona akiwa na toroli zilizojaa. Bwana Kileo akapanda akachunguza. Sefti, ile vali inayojifungua yenyewe presha ikizidi, ilifunguka kwenye kumi na mbili. Kibao kinasema kumi na tano. Akaona ni uzembe wetu wa miaka, kwamba tumeiacha springi ya sefti ilegee. Jumatano jioni alileta fomu dirishani kwangu akitaka springi ngumu zaidi, na sababu ameiandika vizuri: presha irudishwe kumi na tano kama ilivyo kwenye kibao. Nikaitafuta springi, nikampa, nikasaini. Ilikuwa ya rafu nyekundu, rafu ya marehemu. Hata hilo halikunigutusha.

Asubuhi yake nilikaa kuandika kadi za vilivyotoka jana, kama ilivyo kawaida. Nikaitoa kadi ya Afande. Chini ya ule mstari wangu wa wino jina la Bibi lilikuwa linasomeka bado.

Nje moto ulikuwa umewashwa tangu alfajiri na nilisikia injini anavuta pumzi. Nitasema ukweli, nilikaa. Nilifikiri juu ya majaribio yangu, na juu ya wale waliosema mwanamke ataharibu stoo. Nilimfikiria zaidi Mzee Ngonyani, ambaye arobaini ilikuwa yake, na ambaye angeweza kufukuzwa amebakiza mwaka. Sijui nilikaa kwa muda gani. Yawezekana haukuzidi wa kunywa glasi ya maji, ila mpaka leo naona ulikuwa mrefu mno.

Nikachukua kadi zote mbili nikatoka mbio. Hashimu alikuwa juu ya injini, ameloa jasho na furaha, akaniambia leo kilima tutakipanda tukipiga mluzi. Nikatazama geji ya presha: kumi na tatu, na mshale unapanda. Nikamwambia avute moto nje. Akasema hawezi bila amri ya injinia, na alikuwa na haki. Nikamwambia basi shuka. Akacheka.

Bwana Kileo nilimkuta ofisini anachora. Sikupiga hodi.

"Injinia, ile injini si Afande," nikamwambia. "Ni kumi na mbili."

"Kibao kinasema kumi na tano, Somoe."

"Kibao nilikifunga mimi. Tazama kadi. Afande alikuwa anachukua bushi nane za ekseli kwa mara moja. Hii tangu nianze kazi haijachukua zaidi ya nne. Nenda ukahesabu magurudumu."

Aliziangalia kadi zote mbili, kisha akaniangalia mimi. Alipotoka alikuwa anakimbia mbele yangu, na tangu mbali akimpigia Hashimu kelele avute moto. Makaa yakaburutwa chini kwa koleo, maji baridi yakaingizwa boilani kidogo kidogo, na mshale wa geji, uliokuwa umegusa kumi na nne, ukaanza kurudi. Hashimu alishuka akakaa chini kwenye vumbi, akaomba sigara ingawa havuti.

Boila lilipopoa Bwana Kileo mwenyewe alikwangua rangi mbele ya tanuri. Mafundi wa zamani walikuwa wakigonga presha kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibao tu. Ikatokea kumi na mbili. Tukafungua, tukagonga ukoko, na nyuma yake palikuwa mahali ambapo bamba limeliwa hadi kidole kinazama. Sisemi lingepasuka siku ile. Nasema sikutaka kujua.

Aliuliza nani aliamuru kibao kihamishwe. Nikajibu kwamba kadi niliibadili mimi na kibao nilikifunga mimi, na yote mawili ni kweli. Akauliza tena. Nikarudia lilelile. Akanitaka niandike maelezo, nami nikaandika mistari mitatu, kisha nikakaa wiki mbili kusubiri barua. Wiki mbili zile sikula nikashiba. Mafundi wote walijua, wakinipa pole, ila hakuna aliyejitokeza, nami siwalaumu. Walikuwa wanakumbuka pilau, si namba.

Mzee Ngonyani alirudi na mfuko wa maharage ya Songea na hadithi za harusi. Nilimkaribisha stoo, nikamweleza kila kitu. Hakunitania. Aliuliza jambo moja.

"Umemtajia jina langu?"

"Sikukutaja. Umebakiza mwaka."

Aliuweka ule mfuko juu ya meza yangu, akanawa mikono kwenye ndoo, akaelekea ofisini kwa injinia. Alikaa humo saa nzima. Baadaye Bwana Kileo alinieleza kwamba mzee alikataa kiti. Alisema mchezo ulikuwa wake, binti alitumwa, na aandikwe yeye. Bwana Kileo naye, nampa haki yake, aliandika kwenye ripoti kwamba yeye mwenyewe alisoma kibao bila kuhesabu magurudumu. Tangu siku hiyo nikampenda. Mimi nikapewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo, na majaribio yangu yakapita. Sefti ikarudishiwa springi yake, bamba likatengenezwa kwa taabu, na Bibi akaitwa Bibi mpaka dizeli iliporudi. Ndiye yule wanafunzi wanayempiga picha. Afande aliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mzee Ngonyani aliondolewa kwenye injini. Ilisemwa mwaka wake wa mwisho aumalizie stoo, chini ya mtunza stoo, yaani chini yangu. Nilipoisoma barua ile niliona bora ningefukuzwa mimi. Mtu aliyeendesha mvuke kabla sijazaliwa aje kunihesabia nati na washa! Jumapili nzima nilitunga maneno ya kumwomba radhi.

Jumatatu asubuhi alikuja. Sheria ya stoo ni ileile ya sasa, hakuna avukaye mlango ila kwa ruhusa ya mwenye stoo. Akasimama nje, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi Somoe."

Nilicheka, nikidhani tumerudi kwenye utani wetu, nikamwambia apite. Hakupita. Akairudia ileile, polepole. Nikamwambia mzee, wewe ni mkubwa kwa baba yangu, hata utani una mpaka.

"Huu si utani," akasema. "Yule mtoto wa watu wa Sudi angekufa kwa mchezo wangu, na mimi niko Songea nacheza ngoma ya harusi. Nani nimwamkie kama si wewe? Itikia, niingie kazini."

Nilikuwa nalia tayari, na mafundi wanatazama. Nikaitikia marahaba. Ndipo akaingia.